Sifuri Kwenye Upenyo

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamka saa kumi na moja. Maandazi kwanza, halafu ndoo. Baba Upendo ameshatoka kwenda Vingunguti, machinjioni hawasubiri jua. Upendo naye kafuata. Chanika mpaka Kinondoni si karibu, lakini kazini wanaingia saa mbili na mwanangu anafika saa mbili kasoro. Kila siku. Wanaokaa jirani na ofisi ndio wanaochelewa.

Kioski cha maji cha mtaa kimemwaga tena. Mara ya tatu sasa. Bi Zuhura anayekisimamia kanionyesha matope. Anasema jana watu walishachota wakaondoka, yeye kageuka kunywa uji, koki ikajifungua yenyewe. Hakuna kadi, hakuna mtu. Tangi likabaki nusu. Kampuni wanasema anaacha watu wachezee mashine. Kaapa mbele yangu. Namwamini. Zuhura ana mdomo mchafu lakini si mwongo.

Mashine hiyo inatengenezwa ofisini kwa Upendo. Programu iliyomo ndani anaandika Upendo na wenzake watatu. Hili nimeshamwambia kila mtu. Kanisani wanajua, fundi cherehani anajua, hata wauza mkaa wanajua. Wamechoka kulisikia. Wachoke tu. Mie darasa la saba, nimemzaa mtu anayeandika kitu, ukichomeka kadi maji yanatoka.

Ila leo nimeona aibu kidogo. Maji yametoka bila kadi.

Jumanne, 15 Julai

Nimembana Upendo anieleze. Alikuwa amechoka, anataka kula alale. Nikamwambia utakula ukinieleza.

Kaanza kwa kuguna. Halafu akakolea.

Naandika nisije nikasahau. Programu haiandikwi kwa mkupuo mmoja. Inaandikwa vipande. Kipande cha kusoma kadi, kipande cha kupima maji, kipande cha kufungua koki. Kisha kuna programu nyingine, wanaiita linka, kazi yake ni kuvichukua vipande vyote na kuvipanga kwenye mstari mmoja kabla havijaingizwa kwenye chipu ya mashine. Sasa kipande hakianzi popote tu. Lazima kianze kwenye namba iliyokaa sawa, zile zinazogawanyika kwa nne, au nane, au kumi na sita. Kwa hiyo kipande kimoja kikiishia katikati, kinachofuata hakiwezi kubanana nacho. Panabaki upenyo.

Upenyo huo haubaki mtupu. Linka lazima iujaze kitu. Ofisini kwao inajaza sifuri.

Nikasema sifuri si ndiyo hakuna kitu. Upendo akacheka. Akasema hapo ndipo penyewe, mama. Kwenye chipu yao sifuri ni amri. Maana yake ni usifanye lolote, songa mbele. Mashine ikikosea njia ikaangukia kwenye upenyo, haigongi ukuta. Inateleza kimya kimya, sifuri baada ya sifuri, mpaka inaingia mwanzo wa kipande kinachofuata. Inakifanyia kazi kama vile imetumwa. Na kipande kinachofuata ndicho kile cha kufungua koki.

Anachotaka yeye ni linka ijaze amri nyingine. Amri ya kusimama hapo hapo. Mashine ikikanyaga tu, inafunga koki, inaandika namba ya mahali iliponaswa, inajiwasha upya. Kosa lenyewe haliondoki, anasema, lakini litaonekana lilipo.

Nimemrudishia yote kama alivyosema, bila kuruka. Akaniangalia. Akasema mama ungesoma ungekuwa hatari.

Mie hilo la upenyo nilikuwa nalijua kitambo. Mjumbe wa mtaa mwaka wa tisa huu. Hati za viwanja zinaandikwa mezani kwangu. Kuna mtu hapa alipoteza robo ya kiwanja kwa sababu kati ya mstari wa mwisho na sahihi palibaki nafasi, na mtu akaongeza maneno. Tangu hapo kila nafasi naichora mistari ya mshazari mpaka pembeni. Ukiandika juu yake unaonekana. Wananicheka, wananiita Mama Mistari. Hakuna aliyepoteza hata hatua moja ya kiwanja kwenye hati yangu.

Jumatano, 16 Julai

Upendo kamwambia Injinia. Injinia ndiye mkubwa wa chumba chao. Kamsikiliza amesimama, hakukaa. Kamwambia huko katikati hakuna anayefika, binti, mashine zetu ziko mikoani miaka na miaka na upenyo una sifuri. Linka isiguswe. Ikiguswa lazima kila kitu kipimwe upya, na wateja watauliza kwa nini.

Basi. Wateja wasiulize. Zuhura afukuzwe.

Kwa sababu jioni hii hii kulikuwa na kikao cha maji. Kijana wa kampuni, amevaa fulana yenye nembo, kaja kutangaza kwamba msimamizi atabadilishwa kwa uzembe. Zuhura amekaa pembeni anafuta macho na mtandio. Mumewe hayupo, mwanawe mmoja bado yuko shule. Kioski ndiyo kazi yake.

Nikasimama. Nikasema Zuhura hana kosa. Nikasema mwanangu Upendo, anayefanya kazi hapo hapo kwenu, ameshaligundua tatizo. Limo ndani ya mashine. Linka yenu inajaza sifuri kwenye upenyo na mashine inateleza mpaka kwenye koki. Nikaeleza yote. Kijana mwenyewe alikuwa hajui. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa nyuma akasema huyu ndiye mama.

Kijana akaandika kwenye simu yake. Zuhura amebakizwa kwa muda.

Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Leo sokoni wameniita Mama Injinia. Sikukataa.

Zuhura kanichotea ndoo mbili kabla ya foleni. Kasema mwenzangu, mtoto wako mmoja ana akili za mtaa mzima. Nikamwambia kwetu ni damu. Babu yake alikuwa anachonga mpingo kule Masasi bila kuchora kwanza.

Upendo karudi kimya. Uchovu.

Jumamosi, 19 Julai

Hajala. Nimepika kisamvu cha nazi, chakula chake, hajala. Anasema tumbo.

Jumatatu, 21 Julai

Si tumbo.

Ijumaa aliitwa. Kijana yule alipeleka maneno yangu ofisini neno kwa neno. Injinia akamuuliza, huyo mjumbe wa Chanika anayejua linka yetu inajaza nini, ni nani wako. Upendo akajibu ni mama yangu.

Leo wamempa barua. Asaini kabla ya Ijumaa. Akisaini anabaki. Asiposaini anaondoka. Barua inasema amepeleka siri za kampuni nje. Inasema pia kwamba hilo la upenyo ni mawazo yake binafsi na mashine hazina hitilafu.

Siku tatu nzima kakaa nalo kifuani ili nisijisikie vibaya. Mie huku natamba sokoni.

Ni mie. Mdomo wangu. Nimekaa barazani mpaka miguu ikafa ganzi. Nilitaka kumsaidia Zuhura, kweli. Lakini pia nilitaka wasikie ni mtoto wa nani. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna mwingine anayesoma.

Baba Upendo kasikia yote, akavua viatu, akasema, "Mama Upendo, wewe ndiye ungefungwa koki." Akaenda kuoga. Sikumjibu. Ni mara ya kwanza tangu tuoane sikumjibu.

Jumanne, 22 Julai

Nimelia asubuhi, yakaisha. Kulia hakumsaidii mtu.

Nikaomba barua niisome. Nimeisoma mara tatu. Ukurasa mmoja. Mstari wa mwisho unaishia juu ya katikati, sehemu ya sahihi iko chini kabisa. Katikati peupe, vidole vinne. Nikamwonyesha Upendo. Hata maneno yale yangekuwa ya kweli, barua ya hivyo haisainiwi. Kesho wanaongeza kwamba koki zote zilizomwaga nchi nzima ni yeye.

Upendo kasema mama, hawawezi.

Nikamwambia hata wa kiwanja alisema hawawezi.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba inamtaka aseme hakuna kitu wakati kitu kipo. Nimemwambia usisaini. Kasema nisiposaini ndiyo basi. Nikasema basi iwe basi, tulishakula ugali kwa chumvi na hatukufa, wewe ulikuwa mdogo hukumbuki. Halafu akasema, tatizo mama sina ushahidi.

Ofisini wana mashine moja ya majaribio, imefungwa ukutani, ina koki na tangi na pampu ndogo. Ameijaribu saa ya chakula cha mchana siku nne. Anachomeka kadi, anangoja mlio wa kumaliza, anachomoa. Anachomoa kabla ya mlio. Anachomoa polepole, anachomoa haraka. Haimwagi. Injinia anapita nyuma yake anamuuliza, umeshampata jini wako?

Mashine ya huku imemwaga mara tatu. Ya ukutani haimwagi. Programu moja.

Nikamuuliza tofauti ni nini basi. Kasema hajui.

Tofauti ni sie.

Jumatano, 23 Julai

Nimechukua daftari na kigoda, nimekwenda kioski saa moja asubuhi. Zuhura kaniuliza umekuja kuhesabu watu kama sensa? Nikamwambia kaa kimya, naokoa kazi mbili, mojawapo yako.

Nimeandika kila aliyekuja. Nani, ndoo ngapi, kadi ilivyoingia, kadi ilivyotoka. Mkono wangu umevimba.

Saa tano kasorobo ikamwaga. Nimeiona kwa macho yangu. Hakuna mtu pale. Koki ikajifungua taratibu kama ilivyozoea. Zuhura akapiga kelele, nikamwambia ifunge kwa mkono, usiniharibie. Nikarudi kwenye daftari kuangalia waliotoka muda huo huo. Mama Jeni na wifi yake. Walikuwa wanapokezana.

Nikayapigia majina yao mstari.

Kupokezana kila mtu hapa anafanya. Hata mie. Koki ikisimama ikianza upya, inatema kwanza povu na kutu, kikombe kizima. Maji ya kunywa yanaharibika. Kwa hiyo mkiwa wawili, ndoo moja kubwa ya kugawana, mmoja anachomoa kadi yake kabla ya mlio na mwenzake anachomeka ya kwake papo hapo, maji hayakatiki. Lazima mikono miwili tofauti. Mtu mmoja hawezi, anachelewa. Kibao cha kampuni kimeandikwa ngoja mlio. Nani anakisoma.

Lakini wamepokezana mara sita leo. Imemwaga mara moja. Nimekodoa macho kwenye daftari mpaka nikaona. Mara ile moja, pembeni niliandika pampu inanguruma. Pampu ilikuwa inajaza tangi. Zile tano ilikuwa imezima.

Tukajaribu, mie na Zuhura. Tukasubiri pampu iwake. Tukapokezana. Tukakaa. Nimehesabu mpaka ishirini na kitu. Ikamwaga.

Zuhura akashika kichwa. Akasema Mama Upendo, usiseme. Wakijua tunapokezana watafunga mashine isipokee kadi ya pili, tutakunywa kutu. Watasema kumbe ni wanawake wa Chanika. Nikamwambia waseme. Mtu akichomoa kadi mapema maji yasimame, sawa. Kujifungua yenyewe ni kosa lao, si letu. Sie tumekuja kuchota maji tu.

Kanuna. Baadaye kasema, kesho tunavaa nini?

Maana nimeshamwambia tunakwenda Kinondoni.

Alhamisi, 24 Julai

Nitaandika kwa kirefu. Mkono unauma lakini nitaandika.

Upendo jana nilimwambia habari ya kupokezana, akaruka kitandani. Akasema siwezi peke yangu, wenzangu ofisini hawatathubutu kunisaidia. Nikamwambia mikono ipo, kesho saa tatu. Akasema mama hapana. Nikasema shauri yako, mlango wa ofisi naujua.

Tumefika na ndoo. Mlinzi getini katuuliza mnauza nini. Zuhura akamwambia tunauza ukweli, fungua. Kavaa dira la Idi, mie kitenge changu cha kwaya.

Chumba chao kina baridi ya mashine. Injinia katoka. Mtu wa makamo, ana adabu, shati limepigwa pasi. Katuamkia vizuri tu. Akasema mama zangu, karibuni, lakini hapa siyo kisimani. Nikamwambia baba, tumekuja kuchota mara chache tu, tukishindwa tunaondoka na mwanangu na ndoo zetu.

Ingeishia hapo, ila mkurugenzi alikuwa anapita. Mama mwenzangu, mfupi, miwani shingoni. Kauliza hawa ni nani. Upendo akasimama. Akasema naomba dakika kumi kabla sijaijibu barua.

Mkurugenzi akavuta kiti.

Upendo akawasha pampu. Mie na Zuhura tukapokezana. Nikachomoa, akachomeka. Ndoo ikajaa, tukatoa kadi, tukarudi nyuma. Haikumwaga. Injinia akatazama saa yake. Tukarudia. Haikumwaga. Zuhura akaninong'oneza unachelewa, mwenzangu, una woga. Kweli nilikuwa na woga. Jasho mkononi. Nikajifuta kwenye kitenge.

Mara ya tatu nikachomoa kama nipo kwetu. Tukarudi nyuma. Nikawa nahesabu kimoyomoyo.

Koki ikajifungua.

Maji yakatoka mpaka sakafuni, yakafika kwenye kiatu cha Injinia. Upendo akaifunga kwa mkono. Akasema, hiyo ndiyo programu iliyoko mitaani, upenyo umejazwa sifuri. Sasa naweka ile ile, herufi kwa herufi, nimebadilisha kimoja tu, linka imejaza amri ya kusimama.

Akaingiza. Tukapokezana tena. Tukarudi nyuma. Nikahesabu. Ghafla taa nyekundu, tik, koki imefungwa, hata tone. Kwenye kioo kidogo ikatokea namba ndefu yenye herufi ndani yake.

Zuhura akasema alhamdulillah. Mie nikamtazama mwanangu nione anavyofurahi.

Hakuwa anafurahi. Alikuwa ameifungua orodha ambayo linka inaitoa, inayoonyesha kila kipande kimeanzia namba gani na kimeishia wapi. Anatelezesha kidole. Kidole kikasimama. Akakaa chini.

Nikadhani anaumwa.

Akasema, kipande kilichovuka mwisho wake ni cha kupokea kadi inayochomolewa mapema na nyingine kuingia papo hapo. Pampu ikiwa inafanya kazi kinapita njia ya pembeni, na hiyo njia ya pembeni mwishoni haina amri ya kurudi ilikotoka. Ilisahauliwa. Inavuka, inaingia kwenye upenyo.

Mkurugenzi akauliza, nani alikiandika.

Angeweza kusema wataangalia. Angeweza kusema ni cha zamani. Mie mama yake ningesema hivyo, naapa.

Akasema, "Mimi."

Halafu akasema tena, ananyoosha mgongo. Kosa la kipande ni langu, nitalirekebisha leo. Lakini kujaza sifuri si kosa langu, niliomba zitolewe nikakataliwa. Mwingine hapa atasahau amri kama mimi, labda ni mimi tena, na mashine itateleza vile vile bila kumwambia mtu. Barua ile inasema hakuna hitilafu. Siisaini.

Injinia akaanza kusema kuhusu siri kutolewa nje. Nikainuka. Nikasema siri nimetoa mie. Mwanangu alinieleza jikoni kwetu, ni mama yake, na mie nikaenda kuisema kikaoni nikijisifu. Barua iandikwe kwa jina langu, nitasaini, ila msiache nafasi katikati.

Mkurugenzi akavaa miwani, akanitazama. Sijui alikuwa anataka kucheka au kunifukuza. Akasema, mama, asante, nendeni mkapate chai.

Tumepewa chai na chapati mbili mbili. Zuhura kala zote nne. Zangu nilimsogezea.

Nilisema mwanangu hakosei. Nilisema mtaa mzima. Na lile alilosema pale mbele ya watu, mie siliwezi. Nimetamba miaka yote kwa ajili ya akili zake. Leo nimeona kumbe kuna kingine.

Ijumaa, 25 Julai

Karudi saa mbili usiku. Nimemsubiri bila kuuliza. Nimejikaza mpaka kakaa.

Hajafukuzwa. Barua ya kwanza imechanwa. Kapewa nyingine, ya onyo, kwa kipande chake na kwa kunieleza mie mambo ya ofisi. Ameiandikia majibu yake mwenyewe na kuisaini. Safari ya Mwanza ya kufunga mashine mpya, aliyokuwa aongoze, kapewa mwenzake. Hiyo imemuuma. Ameisema huku akiangalia pembeni.

Linka inabadilishwa. Mashine zote. Kuanzia leo kila upenyo unajazwa amri ya kusimama, na kipande chake kimewekewa amri ya kurudi. Mkurugenzi kaagiza vile vile mashine ifundishwe kupokea kadi ya pili bila kukata maji. Kawaambia hao kina mama watapokezana tu, tupende tusipende.

Injinia hamsemeshi. Hamsemeshi basi. Ataanza kuongea siku atakapohitaji mtu wa kumtafutia kosa.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakapotea, nikasema tu nisamehe mwanangu kwa Mwanza. Kasema mama, ningeisaini ile barua kama usingekuwepo. Kisha akaomba kisamvu kama kipo.

Kilikuwepo. Nilikipika tena kwa kubahatisha.

Jumapili, 27 Julai

Fundi wa kampuni kaja jana, kabadilisha programu ya kioski. Robo saa. Zuhura anaendelea na kazi. Wamemwandikia hata jina lake kwenye kibao.

Leo baada ya ibada nimesimama kwenye foleni, nimewaambia wanawake kosa lilikuwa la Upendo. Nimelisema kwa sauti. Kipande alikiandika yeye na alisahau yeye, na akasema yeye. Mama Jeni akauliza, sasa na hilo unajisifia? Nikamwambia ndiyo. Hilo hasa. Nionyeshe wa kwako aliyesema hivyo mbele ya bosi wake.

Akacheka, akasema Mama Upendo huna dawa.

Nimerudi nyumbani. Upendo amelala tangu asubuhi. Hata kanisani hakwenda, sikumwamsha. Baba yake kaleta maini mabichi kutoka Vingunguti jana, nimeyakaanga na vitunguu, nimemfunikia.

Saa nane jirani mpya kabisha hodi, wa nyumba ya bati la bluu, ana hati ya kiwanja anataka niisome. Nikaisoma. Wakati anatoka kaona viatu vya ofisini mlangoni, akauliza ni vya nani.

Nikasema vya binti yangu. Amelala.

Akauliza anafanya kazi gani.

Nilikuwa nayo yote mdomoni, tangu linka mpaka mkurugenzi. Nikasema ya kompyuta. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikafunga mlango polepole usigonge.